Dynaco: kampuni ilikufa, amplifaya bado zinaimba

Najua nimepotea, kazi za watu zilinikaba koo. Leo nina kisa.

Wiki jana nilipeleka spika yangu kwa fundi pale Luthuli Avenue, Nairobi. Spika yenyewe nzima kabisa, ila walioitengeneza walizima seva zao na sasa haitoi hata mlio. Fundi akaifungua, akaitazama, akanirudishia. "Kijana, hii haina mchoro. Nianzie wapi?" Njia nzima nikirudi nyumbani nilikuwa nawaza Dynaco.

Dynaco ilikuwa kampuni ya Marekani, mjini Philadelphia, iliyoanzishwa mwaka 1955 na David Hafler na Ed Laurent. Hafler alikuwa tayari anajulikana: mwaka 1951, pamoja na Herbert Keroes, aliandika makala iliyoupa umaarufu mtindo wa kuunganisha valvu na transfoma uitwao ultra-linear. (Valvu ni zile chupa za kioo zinazowaka ndani ya redio za babu.)

Mwaka 1959 wakatoa Stereo 70, wati 35 kila upande. Ungeweza kuinunua ikiwa vipande ndani ya boksi, pamoja na kijitabu, ukaiunganisha mwenyewe mezani kwako. Kijitabu hicho nimekisoma mara nyingi kuliko vitabu vyangu vya chuo! Kata waya wa urefu huu, menya ncha zake, upeleke kutoka hapa hadi pale. Ukiona herufi S, lehemu. Ukimaliza hatua, weka alama, nenda inayofuata. Na mchoro wote wa saketi umo humo humo, haujafichwa. Sehemu ngumu, ile bodi ndogo ya mbele, ilikuja imeshaunganishwa kiwandani ili asiyejua kitu asikwame.

Kuna jambo moja linanifurahisha kupita yote. Ili valvu zifanye kazi sawasawa, unazirekebisha mpaka mita isome volti 1.56. Kwa nini namba hiyo ya ajabu? Kwa sababu betri mpya ya tochi ya wakati ule ilitoa kiasi hicho hicho. Kama mita yako ni ya bei rahisi na huiamini, unaipima kwanza kwa betri ya tochi. Mhandisi fulani alikaa akamfikiria mtu asiye na vifaa. Mimi huandika programu kila siku, na sijui kama nimewahi kumfikiria mtumiaji hivyo.

Msidhani ilikuwa chombo cha kifahari. Walibana matumizi kila mahali: umeme wa pande zote mbili unatoka chanzo kimoja, na transfoma yake kubwa hupata moto kweli kweli. Lakini ziliuzwa zaidi ya 300,000.

Mambo mengine nayapitia haraka. Kampuni iliuzwa kwa Tyco mwishoni mwa miaka ya 1960, mwaka 1977 Hafler akaanzisha nyingine yenye jina lake, na Dynaco ile ya mwanzo ikazimika. Hafler alifariki mwaka 2003.

Halafu valvu iitwayo 7199, iliyokaa kwenye ile bodi ya mbele, ikaacha kutengenezwa. Kwa chombo kingine hicho kingekuwa kifo. Hapa watu walichukua mchoro, wakabuni bodi mpya zinazoingia kwenye matundu yale yale ya skrubu, zikitumia valvu zinazopatikana. Hadi leo wapo wanaozifufua amplifaya walizounganisha baba zao, na wanagombana vikali: ukibadilisha kapasita, bado ni Dynaco? Mimi nasema ni Dynaco, ilitengenezwa ifunguliwe. (Ukiifungua wewe, chunga: ndani mna zaidi ya volti 400. Hiyo haina mzaha.)

Tukirudi kwa spika yangu, nimeing'oa bodi yote. Kikombe cha sauti ni kizima, nimekipima. Jumamosi narudi Luthuli kununua bodi ndogo ya amplifaya, ile ya waya tu, isiyohitaji seva ya mtu. Mchoro nimeshauchora kwenye karatasi ya daftari, nitaukunja niuache ndani kabla sijafunga skrubu.