Tishari na "Barge": Chombo, Kazi na Tatizo la Tafsiri

Wanafunzi wa tafsiri wakiulizwa maana ya neno la Kiingereza barge, upesi hujibu: tishari. Jibu hilo lina ukweli, na kamusi zetu zaliunga mkono. Hata hivyo, madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba maneno haya mawili hayalingani ila katika sehemu moja tu ya historia yake, na kwamba mwenye kuyalinganisha pasipo kuitazama historia hiyo aweza kuiharibu kazi nzima ya mwandishi anayemfasiri.

Na tuanze na neno la kigeni. Kiingereza kililipokea barge kutoka Kifaransa cha kale, nacho Kifaransa kililipata katika Kilatini. Wanaisimu wengi hulifuatilia nyuma zaidi, hadi katika neno la Kiyunani baris, ambalo asili yake ni Misri. Herodotus, aliyeandika katika karne ya 5 K.K., alieleza jinsi Wamisri walivyounda chombo hicho cha mizigo katika mto Naili. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa mabaki ya chombo kilichozama katika mji wa kale wa Thonis-Heracleion, na muundo wake ukaonekana kuafikiana sana na maelezo hayo. Basi neno tunalolitazama kama la Ulaya huenda lilisafiri kutoka bara letu hili.

Katika safari hiyo maana yake haikutulia. Katika Kiingereza cha zamani lilitaja chombo cha tanga cha ukubwa wa wastani. Baadaye likataja mashua ya fahari, yenye makasia na mapambo, waliyopanda wafalme na wakuu wa London katika mto Thames. Hatimaye likashika maana iliyoenea leo: chombo kipana, bapa chini, cha kubebea shehena katika mito, mifereji na bandari.

Tishari lina historia nyingine. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 imeliandika tishali. Umbo tishari ndilo lililoenea baadaye. Kubadilishana kwa l na r si jambo geni, kama tuonavyo katika telemka na teremka. Huko Kuwait jina tashala lilitumika kwa chombo cha kupakulia meli na kuchukulia mawe ya ujenzi. Kwa kuwa sauti zinakaribiana, kazi ni moja, na majahazi ya Ghuba yalifika pwani yetu kila msimu wa kaskazi, uhusiano wa maneno haya hauna ajabu.

Kwetu sisi, tishari ni chombo cha kazi. Kabla ya Mombasa kupata magati ya maji ya kina, ambayo ya kwanza yalianza kutumika Kilindini mwaka 1926, meli zilitia nanga mbali na nchi kavu. Shehena ilitolewa ngamani, ikateremshwa katika matishari, kisha ikafikishwa pwani na kubebwa na makuli. Vifaa vya reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896 viliingia nchini kwa namna hiyo. Bandari ya Tanga iliendelea kuyategemea matishari kwa muda mrefu zaidi, hadi ilipojengewa gati la kina kirefu lenye urefu wa mita 450, katika miaka ya 2020. Kwa hiyo neno hili limebeba jasho la wapagazi wa bandarini, wale ambao Shafi Adam Shafi aliwaandikia riwaya yake Kuli (1979). Halikubeba kamwe fahari ya kifalme.

Hapa ndipo tatizo linapojitokeza. Katika tamthilia ya Shakespeare Antony and Cleopatra, Enobarbus anasimulia jinsi malkia alivyowasili katika barge iliyopambwa kwa dhahabu, yenye tanga za zambarau na makasia ya fedha. Mfasiri akiandika tishari, msomaji wa Mombasa atamwona malkia amekalia magunia ya saruji! Mashua ya kifalme ingefaa zaidi. Wala pantoni haliwezi kushika nafasi hiyo, kwa kuwa wakazi wa Dar es Salaam hulitumia kwa kivuko cha watu na magari. Kiingereza kimevikusanya vyombo hivi kwa umbo; Kiswahili kimevigawa kwa kazi.

Tofauti hiyo huonekana pia katika misemo. Kwa sababu chombo hicho ni kizito na hakigeuki upesi, Waingereza wamelifanya jina lake kitenzi cha mtu ajitomaye mahali pasipo adabu. Sisi tunasema ameingia bila hodi, maana kwetu mfano unatoka mlangoni, si mtoni. Vivyo hivyo, kitu ambacho Mwingereza hataki kukigusa hata kwa upondo wa barge, Mswahili hakitaki hata kwa dawa. Si kwamba bahari haikutupa mifano. Mambo huenda mrama, na manahodha wengi chombo huenda mrama. Lakini mifano hiyo imetoka katika vyombo vya tanga, vyenye nahodha na safari. Tishari, lililosubiri kuvutwa, halikupata nafasi katika methali zetu mashuhuri.

Yatupasa basi kuwafundisha wanafunzi wetu kwamba kamusi hutoa jina la chombo, lakini haisemi nani alikipanda, alibeba nini, wala alilipwa nini. Magati ya kina yanapoongezeka, kazi ya matishari hupungua, na neno laweza kubaki katika kurasa za kamusi tu. Wangali wapo wazee wa bandarini walioyapakia matishari kwa mikono yao. Heri tuwaendee sasa na kuandika msamiati wao, kabla hatujalazimika kuukopa tena kutoka kwa wageni.