Upo chuo Dar na hauko sawa? Gonga milango hii kabla ya UE

Homa, usingizi kukata, bumu kuchelewa, uhusiano kuvunjika. Kwa mwanachuo, haya yanaweza kuja yote ndani ya muhula mmoja. Msaada upo, tena sehemu yake umeshaulipia. Kinachowaponza wengi ni kuutafuta wakati tayari wana sapu au wamedisko.

1. Kituo cha afya cha chuo
Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) kina kituo chake cha afya Mlimani, eneo lililokuwa Kinondoni kabla ya kuundwa kwa Wilaya ya Ubungo. Hapa ndipo pa kuanzia, iwe ni malaria au hofu isiyoisha. Daktari akiona tatizo ni kubwa, anaandika rufaa.

Wanafunzi wa vyuo wamekuwa wakichangia bima ya NHIF Sh50,400 kwa mwaka, sawa na Sh4,200 kwa mwezi. Kama umelipa, fuatilia kadi yako mapema, usisubiri kuugua.

2. Mshauri wa Wanafunzi
Wengi wanaijua ofisi hii kwa mambo ya hosteli na nidhamu tu. Lakini ndiyo inayokuunganisha na mshauri nasaha. Unayomweleza mshauri nasaha ni siri, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini.

3. Dawati la Jinsia
Umebakwa, umepigwa au mhadhiri anataka ngono ndipo akupe maksi? Nenda hapa. Rushwa ya ngono ni kosa kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU wanapatikana bure kwa namba 113.

4. Ukiwa gheto, mbali na chuo
Kwa wanaoishi Temeke, wakiwemo wa DUCE pale Chang'ombe, ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Temeke. Kinondoni ipo Mwananyamala. Zote mbili zina kliniki za methadone kwa waliotekwa na heroini, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2011. Muhimbili pia wana idara ya magonjwa ya akili.

Karatasi ya daktari ina uzito
Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha mtihani au masomo kwa sababu ya ugonjwa, lakini vinataka uthibitisho wa daktari. Ukikosa mtihani kimyakimya kisha ukaja kujieleza baada ya matokeo, kazi inakuwa ngumu. Sonona nayo ni ugonjwa, siyo uvivu. Mweleze daktari yote, na barua ifike chuoni kabla ya siku ya mtihani.

Dalili za kutopuuza
Huzuni ya wiki 2 au zaidi, kutokula, kujifungia ndani, kuacha vipindi, kusema maisha hayana maana. Shirika la Afya Duniani linataja kujiua kuwa sababu ya 3 ya vifo duniani kwa wenye miaka 15 hadi 29.

Rafiki akisema anataka kujiua, usimcheke wala usimwachie maombi peke yake. Muulize waziwazi, ondoa dawa na sumu chumbani, kaa naye, mpeleke hospitali yoyote iliyo karibu hata kama ni usiku. Kwa ushauri wa afya, namba ya Wizara ya Afya ni 199, na kupiga ni bure.