Usinikate Viatu

Kabla ya kuwa mtaa wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, Donholm ilikuwa shamba la mlowezi, James Kerr Watson, aliyeliita Doonholm. Barabara ya kutoka mjini ilibeba jina hilo hadi ikawa Barabara ya Jogoo. Mimi napiga picha za watu hapa, na kazi hii niliijua kupitia pazia.

Pazia la mzee aliyenifunza lilichorwa ndege na maghorofa, likatundikwa nyuma ya duka mtaani Jericho. Kibarua wa viwandani alisimama mbele yake na suti ya kuazima, akaonya: “Mzee, usinikate viatu.” Picha ilikuwa inaenda nyumbani, Siaya au Kitui, na viatu ndivyo vingewaambia wazazi kwamba Nairobi imemkubali. Filamu ya picha 36 haikusafishwa mpaka ijae, hivyo mteja aliambiwa arudi wiki ijayo.

Ujanja wa kujionyesha kwa picha haukuanzia kwetu. Mombasa, kuanzia miaka ya 1940, watu walivalia vizuri wakaenda kupozi kwenye studio ya N. V. Parekh. Lamu, Omar Said Bakor alikata na kubandika picha, akamweka mteja mahali ambapo kamera pekee isingemfikisha. Kwenye kivuko cha Likoni, miaka ya 1990, wapiga picha walijenga vibanda vyenye mapazia ya fahari. Wote waliuza safari bila nauli.

Shida ilikuwa rangi ya ngozi. Kwa miongo mingi maabara nyingi duniani zilirekebisha mashine kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kama Shirley. Ngozi yake ikitoka sawa, basi. Yetu ikitoka majivu, shauri yetu. Kamera nayo ikiona shati jeupe hupunguza mwanga, uso ukazama gizani. Mzee alinifundisha kupima mwanga shavuni, kumsogeza mteja karibu na mlango, kisha kusimamisha kitu cheupe upande wa kivuli. Mpaka leo natumia kipande cha povu gumu kilichokuja na televisheni. Kikikaa vizuri, jicho la upande wa giza linapata nuru na uso unapata umbo.

Simu zenye kamera zilipoenea, wateja wa mzee walipungua. Chumba chake sasa ni duka la M-Pesa.

Lakini pazia halikufa. Mpiga picha Thandiwe Muriu, katika mfululizo wake wa Camo, humvika mwanamke kitambaa kilekile kilicho nyuma yake, hadi sura ndiyo inayojitokeza. Mwenzake, Sarah Waiswa, alimpiga picha mwanamke mwenye ualbino katikati ya Kibera, na kazi hiyo ikampa tuzo Arles, Ufaransa, mwaka 2016. Hapo mtaa wenyewe ulifanya kazi ya pazia.

Vijana wa Donholm wanaonijia hawataki ndege. Wanataka lango la ploti, ukuta wa mabati, matatu iliyochorwa. Wapo wanaosema kizazi hiki kimeacha kujifanya. Sikubali. Kijana anapanga mwonekano wake kama alivyoupanga yule kibarua. Kilichobadilika ni anayeonyeshwa. Wa kwanza alitaka kijiji kiamini kwamba mji umempokea. Huyu anataka mji ukiri kwamba Eastlands ni mahali pa kutazamwa. Kwa hiyo mteja akifika, kabla ya kuzungumzia nguo au bei, namwuliza anakaa wapi. Tunaanzia hapo.