Dhahabu ya Sakale

Mtu wa Tanga mjini akifungua bomba, anakunywa Usambara. Maji yale yanatoka mto Zigi, na Zigi inazaliwa juu kule Amani, katika misitu ya Usambara ya Mashariki, wilayani Muheza. Ndugu msomaji, liweke hilo akilini, maana habari ya dhahabu ya Sakale bila habari ya maji ni nusu ya hadithi.

Mwishoni mwa mwaka 2003 zilienea habari kwamba vijito vya Sakale vina dhahabu. Sakale ni kijiji tu, kimepakana na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini. Basi bwana, watu wakamiminika! Walipanda mlima kwa maelfu, wengine wakitoka mbali na machimbo waliyoyazoea, na sururu, machepe na makarai yao. Nyuma yao wakafuata mama ntilie na wauza mitumba. Mahali palipozoea mlio wa hondohondo pakawa na soko.

Uchimbaji wenyewe hauhitaji mtambo. Dhahabu ya namna ile imelala kwenye changarawe chini ya kijito na kwenye kingo zake. Unachimba shimo, unatoa changarawe, unaiosha kwa maji mengi mpaka kizito kibaki na chepesi kiende zake. Kinachokwenda zake ndicho balaa. Ni udongo, na udongo ule unashuka Zigi hadi kwenye bomba la yule mtu wa Tanga. Kingo zikishabomolewa, mvua ya kwanza inaimalizia kazi. Na pale mchimbaji anapotumia zebaki kukamatia chembe, hapo tunazungumzia sumu, si tope tena.

Serikali ikapiga marufuku, wachimbaji wakafukuzwa mwaka 2004. Gazeti lingeishia hapo. Mimi nauliza: mlima huu ulianza kuchimbwa lini?

Maana dhahabu haikuwa ya kwanza. Miaka ya 1890 Wajerumani walikata msitu wa Derema wapande kahawa. Waliona miti mirefu wakadhani ardhi ina rutuba isiyokwisha. Kumbe rutuba yenyewe ilikuwa kwenye msitu, si kwenye udongo! Kahawa ikawaangusha. Wakati huohuo Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa huko Tanga, alipeleka kwao mbegu za ua dogo la zambarau, na mwaka 1893 likapewa jina la kitaalamu kutokana na jina lake: Saintpaulia. Leo linauzwa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani, na Msambaa aliyelijua tangu utotoni hapati hata senti. Mwaka 1902 ikajengwa taasisi ya utafiti Amani, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ikawatengenezea askari wa Kijerumani kwinini kutokana na magome ya miti iliyopandwa pale. Waingereza wakaja, mashamba ya chai yakapanuka. Tukapata uhuru, na katika miaka ya 1970 na 1980 misumeno ikaingia kwa msaada wa Finland, magogo yakateremshwa kiwandani Tanga, mpaka kelele za wataalamu zilipowasimamisha. Wafini haohao wakarudi kusaidia kuhifadhi. Usicheke.

Kote huko mwenyeji alikuwa kibarua au mtazamaji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakulima wa iliki wa Derema walihesabiwa mashina yao ili wapishe msitu, kisha wakangoja fidia miaka na miaka. Sasa mwambie kijana wa nyumba ile kwamba chembe inayong'aa kijitoni si yake. Atakusikiliza kweli?

Sisemi wangeachwa wachimbe. Sheria ya Madini ya 1998 ilimruhusu mchimbaji mdogo Mtanzania kupata leseni yake, lakini leseni hairudishi kingo za mto, na dhahabu ya vijito haidumu. Geita na Sakale si ndugu: huko kuna ukanda mpana wa miamba yenye dhahabu, huku ni chembe za kuokoteza. Waliotajirika ni wachache. Waliobaki na mashimo yenye maji machafu ni wanakijiji, ambao wengi wao hawakuwaita wageni wale.

Ila marufuku peke yake haikujibu njaa iliyowapandisha watu mlimani. Ndiyo maana miaka iliyofuata wachimbaji walirudi mara kwa mara, safari hii kwa kificho, wakiwakimbia walinzi wa hifadhi. Na kila waliporudi, Zigi ilishuka Tanga na rangi ya chai ya maziwa.