Mbwa wa Dunguni, Paka wa Ghalani

Mahindi yakianza kukomaa, watu wengi wa Mbesa na vijiji jirani vya wilaya ya Tunduru, mashariki mwa Songea, hulala shambani. Hujenga dungu, huwasha moto chini yake na kupiga debe usiku, kwa sababu kundi la nguruwe pori likiachiwa saa chache tu, shamba la msimu mzima limekwisha. Mlinzi asiyedai ujira katika kazi hiyo ni mbwa. Nyumbani nako, penye magunia ya ghalani na mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu ya moshi wa jiko, yupo mlinzi mwingine asiyelipwa, naye ni paka. Anayeuliza leo achague mbwa wa namna gani ili asimmalize paka wake anauliza jambo ambalo kusini mwa Tanzania lilijibiwa zamani, tena bila kutaja mbegu ya mbwa hata moja. Lilijibiwa kwa kugawana kazi na kugawana mahali pa kulala.

Wayao, ambao ndio wengi katika sehemu hizo, walivuka mto Ruvuma kutoka upande wa Msumbiji, makundi makubwa yakifika katika karne ya 19. Walikuwa wakulima, lakini pia mabingwa wa safari. Misafara yao ya pembe za ndovu na ya watumwa ilishuka hadi Kilwa, ikarudi bara na nguo, shanga, bunduki na baruti. Pwani waliyoifikia ilikuwa imekwishazoea panya wa meli. Mifupa ya panya mweusi wa Asia imechimbuliwa Unguja Ukuu, bandari iliyokuwa hai zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Bara halikuhitaji kuletewa panya kwa jahazi, maana panya shamba ni mwenyeji. Mvua zikiwa nzuri, jike mmoja huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa uzao mmoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wametumia miongo kadhaa kumfuatilia mnyama huyo.

Paka naye aliingia katika maisha ya binadamu kwa mlango wa ghala. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2007 na kundi la mtafiti Carlos Driscoll ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani wametokana na paka pori wa Mashariki ya Kati, kilikoanzia kilimo cha nafaka. Huko Cyprus limefukuliwa kaburi la miaka 9,500 hivi, paka amelazwa kando ya mtu. Ndugu wa paka pori huyo wangali wakizurura katika misitu ya miombo ya Ruvuma na ya Niassa, upande wa Msumbiji, na hukutana na paka wa vijijini wakazaa.

Dini ndiyo iliyochora mpaka kati ya wanyama hao wawili. Uislamu ulienea kwa kasi miongoni mwa Wayao mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, na madhehebu yaliyofuata njia za misafara ni ya Shafii. Katika madhehebu hayo mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Paka hana mashaka hayo, kwa kuwa mapokeo ya Mtume yanamhesabu miongoni mwa wanaozunguka ndani ya nyumba, na sahaba mmoja mashuhuri, Abu Huraira, alipewa lakabu kwa ajili ya paka wake. Hata hivyo sheria hiyo haikumfukuza mbwa. Mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda mazao amepewa ruhusa yake, na Kurani yenyewe, katika habari ya Watu wa Pangoni, inamweka mbwa wao kizingitini. Nyumba nyingi za kusini zimekaa hivyohivyo: paka ndani, mbwa uani, na mlango katikati. Wasiojua hudhani ni chuki dhidi ya mbwa. Kwa paka, mpangilio huo ulikuwa na faida moja kubwa, kwamba daima alikuwa na mahali pa kukimbilia.

Kwa nini basi watu wenye tahadhari hiyo yote waliendelea kumfuga mbwa? Jibu liko porini. Baada ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, na njaa iliyosababishwa na Wajerumani kuchoma vyakula, sehemu kubwa za kusini zilibaki bila watu. Waingereza wakafuata na sera ya kuhamisha watu kwa sababu ya malale, huku hifadhi ya Selous ikitanuliwa. Msitu ukarudi, na wanyama pamoja nao. Leo wilaya ya Tunduru imo kwenye ushoroba unaounganisha Selous na Niassa ya Msumbiji, na tembo hawaombi ruhusa ya kupita.

Wala simba. Katikati ya miaka ya 1980 simba waliua watu zaidi ya 40 wilayani Tunduru. Mwaka 2005 mtafiti wa simba Craig Packer pamoja na wenzake, wakiwamo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walichapisha hesabu ya nchi nzima: tangu 1990 simba walikuwa wameua watu wasiopungua 563 na kujeruhi zaidi ya 300, wengi wakiwa wa mikoa ya kusini. Sababu waliyoitaja haikuwa ukali wa simba wala uchache wa bunduki. Ilikuwa nguruwe pori. Nguruwe huwafuata watu shambani, simba humfuata nguruwe, na mwenye shamba yuko palepale, amelala kwenye kibanda cha nyasi. Katika jamii isiyokula nyama hiyo, nguruwe pori hawindwi kwa ajili ya chungu, basi huzaliana. Mbwa anayebweka kabla nguruwe hajaingia ni mali, na mwenye nyumba hawezi kumdharau.

Mbwa huyo hakununuliwa, wala hakuwa na karatasi za ukoo. Alitoka kwa jirani ambaye jike lake limezaa, na wengi walitaka dume. Alichotazamiwa ni kwamba asiwe mwoga na asile mayai wala vifaranga. Mwenye kosa hilo hakukaa sana duniani. Alikuja akiwa mdogo bado, akakuta paka ana himaya yake kando ya mafiga. Somo la kwanza lilikuwa kucha puani, nalo halikusahaulika.

Wataalamu waliifikia hekima hiyo kwa njia ndefu. Kwenye maabara ya Bar Harbor, Marekani, John Paul Scott na John Fuller walilea mbwa wa mbegu tano kwa miaka mingi, na kitabu chao kikatoka mwaka 1965. Waligundua kwamba tangu wiki ya tatu hadi karibu ya 12 mtoto wa mbwa huwa amefungua mlango wa urafiki. Atakayekutana naye katika siku hizo atamhesabu kuwa wa kwao. Mbegu mojawapo ilikuwa ya Afrika, basenji wa misitu ya Kongo. Watoto wa basenji walikuwa waoga kuliko wote wakiwa na wiki tano, lakini waliposhikwashikwa kila siku walitulia. Kwa paka mlango huo hufungwa mapema zaidi, karibu na wiki ya saba. Mwaka 2008 Neta-li Feuerstein na Joseph Terkel wa Tel Aviv waliongeza kipande kilichobaki. Katika nyumba walizochunguza zenye wanyama wote wawili, theluthi mbili zilikuwa na maelewano, hasa pale paka alipotangulia kufika na wote wawili walipokutana wangali wadogo. Mwanamke yeyote wa kijijini aliyewahi kulea paka jikoni na mbwa uani angeweza kuwaambia hayo bure.

Suala la mbegu lilikuja na wageni. Wazungu wa kikoloni walileta mbwa wa kuwinda na wa kulinda, miongoni mwao Rhodesian Ridgeback, ambaye sifa zake ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922 na ambaye alizalishwa kuwazunguka simba hadi mwindaji afike. Polisi wakaleta German Shepherd. Siku hizi mijini, Songea ikiwamo, mwenye ukuta na geti hutamani mbwa mkubwa wa kutisha, mara nyingi Boerboel wa Afrika Kusini. Hapo ndipo mpangilio wa zamani unapovunjika. Mbwa aliyezalishwa ili akione kinachokimbia akifuate anafungiwa ndani ya ua uleule na paka, na mara nyingi ananunuliwa akiwa amekwisha kua. Mbwa wa kienyeji, anayedharauliwa na kuitwa koko, ana nafasi nzuri zaidi kwa paka kuliko wengi wa hao. Babu zake walizaliwa miguuni mwa paka na kuku.

Faida ya kuwapatanisha imepimwa. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Themb'alilahlwa Mahlaba walichapisha matokeo kutoka vijiji vya Swaziland, sasa Eswatini. Waliweka chakula kuzunguka nyumba, wakapima panya wanathubutu kula kiasi gani kabla ya kukimbia. Nyumba yenye paka peke yake haikuwatisha vya kutosha, na yenye mbwa peke yake vivyo hivyo. Palipokuwa na wote wawili, panya walikula kidogo na kwa woga.

Umoja huo una hatari yake, kichaa cha mbwa, ambacho humpata paka vilevile. Mradi ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani kuanzia 2010 ulichanja mbwa katika wilaya 28 za kusini mashariki mwa Tanzania, Pemba ikiwa ndani, kwa lengo la kufikia mbwa 70 katika kila 100, kiwango kinachokata maambukizi. Anayechukua mtoto wa mbwa kwa jirani huko kusini ana sababu ya kumtaka akiwa na wiki nane hivi, amekwisha kumwona paka, na kumpeleka kwenye chanjo afikapo miezi mitatu. Paka wa nyumba hiyo naye apelekwe siku hiyohiyo.