Kutoka Homa Bay hadi Serengeti, boda ya haraka ni ipi? (Uzi kuhusu mpaka wetu na Tanzania)

Wadau, mjadala wa mipaka umerudi, na kama kawaida watu wamegawanyika. Kuna wanaosema Tanzania wanatuonea wivu, wafungue mpaka. Kuna wanaosema Wakenya wana tamaa, wafungiwe. Halafu kuna yule wa tatu ambaye jibu lake kwa kila kitu ni "ni mkoloni, ni Berlin." Kwenye uzi huu sitaji chama wala mwanasiasa. Nachukua swali moja la kawaida lililoulizwa kwenye kundi letu la chuo, nilifuate hadi lilikotoka.

Swali lenyewe: tuko watu watano, gari moja, tunatoka Homa Bay, tunataka kuona Serengeti. Tuvukie wapi ndio tufike haraka?

Ukiangalia ramani kwa macho tu, jibu ni rahisi. Unashuka Migori, unakata mashariki kupitia Lolgorian hadi Masai Mara, unaendelea kusini ndani ya hifadhi mpaka mto Sand. Ng'ambo ni Serengeti. Upande wetu kuna geti la Sand River, upande wa Tanzania kuna Bologonja. Hakuna mlima wala ziwa la kuzunguka, ni nyasi zile zile. Lakini ukifika pale hakuna mtu atakayekugongea muhuri, kwa sababu njia hiyo imefungwa kwa wasafiri tangu 1977. Nyumbu zaidi ya milioni moja wanazunguka Serengeti na Mara kila mwaka bila kuulizwa karatasi. Wewe utageuza gari.

Kwa hiyo jibu halisi ni Isebania. Kutoka Homa Bay unapitia Rongo, unaingia barabara kuu ya A1, Migori, kisha Isebania, zote hizo ni chini ya kilomita 100. Ukivuka uko Sirari, halafu Tarime. Hiyo ndiyo boda rasmi ya magari upande wetu huu. Sasa hebu tuulize kwa nini iko moja tu, na kwa nini ile fupi imefungwa, maana hapo ndipo mijadala yetu mingi inapotelea.

Tuanze na mkoloni, kwa sababu lazima tumlipe haki yake. Mstari wenyewe haukuchorwa kwenye mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, ingawa kila mtu anarudia hivyo. Ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886. Walianza Pwani, mdomo wa mto Umba karibu na Vanga, wakapanda hadi ziwa Jipe, wakazunguka Kilimanjaro upande wa kaskazini, halafu wakanyoosha hadi pale latitudo ya nyuzi 1 kusini inapokutana na ufuo wa mashariki wa ziwa Victoria. Yaani mwisho wa mstari ni hapa kwetu. Mwaka 1890 wakauongeza ukapita juu ya maji hadi ng'ambo ya ziwa. (Ile hadithi kwamba Kilimanjaro ilikuwa zawadi ya Malkia kwa jamaa yake Mjerumani, tafadhali tuiache. Ni tamu lakini si historia.)

Mstari ulinyooka kwa sababu waliouchora hawakujua kilichoko chini yake. Wakuria wakajikuta nusu huku, nusu kule Tarime. Wajaluo wakabaki hapa na wengine wakawa watu wa sehemu ambayo leo ni Rorya, Shirati na viunga vyake. Tume ya kuweka alama ardhini ilianza kazi 1904, karibu miaka 20 baada ya mkataba. Kwa hiyo kwa muda mrefu mpaka ulikuwa kwenye karatasi tu na watu waliendelea kuoana na kupelekeana ng'ombe kama kawaida.

Mara ya kwanza mstari huo kuwa jambo la maisha na kifo huku kwetu ilikuwa Septemba 1914. Kikosi cha Wajerumani kilivuka kutoka kusini kikaingia mpaka mji wa Kisii, kukawa na vita, kisha wakarudi nyuma. Mwanzoni mwa 1915 Waingereza nao wakateremka wakachukua Shirati. Nataja haya kwa sababu wengi wetu tumesoma Vita vya Kwanza vya Dunia kama habari ya Ulaya, kumbe barabara unayopita ukienda Isebania iko kwenye eneo la vita hivyo.

Lakini angalia kilichotokea baadaye. Vita vilipoisha Tanganyika ikawa chini ya Mwingereza, na mpaka ukalegea. Reli, posta, bandari, ushuru, vingi vikawa vya pamoja. Uhuru ulipokuja, nchi tatu zikaendelea hivyo hivyo na 1967 zikaunda Jumuiya ya Afrika Mashariki. Na kwa mtu wa Homa Bay wakati huo, njia nzuri kuliko zote haikuwa barabara. Ilikuwa maji. Meli za shirika la reli zilitia nanga Kendu Bay na Homa Bay, na kutoka Kisumu kulikuwa na MV Victoria iliyozunguka ziwa ikigusa Musoma, Mwanza na Bukoba. Unalala melini, unaamka nchi nyingine. Leo nikiwaambia wenzangu darasani kwamba bibi zetu walikuwa na usafiri wa kimataifa kutoka gati la Homa Bay kuliko sisi, wanacheka. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Utalii nao ulikuwa mzunguko mmoja: Nairobi, Mara, Sand River, Serengeti, Ngorongoro, kisha kurudi Nairobi kupitia Namanga. Mtalii aliona nchi mbili kwa gari moja.

Hapo ndipo shida ilipokuwa, na hapa naomba Wakenya wenzangu mnisikilize kabla ya kunitukana. Gari lilikuwa la kampuni ya Nairobi. Dereva alilipwa Nairobi. Ndege ilitua Nairobi. Mtalii alilala Serengeti usiku mmoja au miwili, akapiga picha simba wa Tanzania, akarudi kumalizia pesa zake Kenya. Tanzania walikuwa wameshajenga uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, uliofunguliwa 1971, ili wageni watue kwao moja kwa moja, na wageni hawakutua. Malalamiko hayo hayakuwa wivu, yalikuwa hesabu.

Upande wa pili pia ulikuwa na hesabu yake. Kenya ilisema wenzake hawatoi mchango wao kwenye shirika la ndege la pamoja, wenzake wakasema Kenya ndiyo inayobana kila kitu. Shirika likaanguka mwanzoni mwa 1977, Kenya ikaanzisha lake, na Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka. Magari ya watalii ya kampuni za Kenya na ndege ndogo zilizokutwa ndani ya Tanzania zikazuiliwa huko. Hebu fikiria uko safarini, asubuhi unaambiwa gari halirudi. Katikati ya mwaka huo Jumuiya yenyewe ikafa. Meli zikagawanywa, MV Victoria ikaenda Tanzania.

Mpaka ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983. Miaka sita na zaidi.

Kipindi hicho kinatajwa kidogo mno kwenye mijadala yetu, na mimi naona ndicho kinachoeleza mengi kuliko Berlin. Serikali zilidhani zimefungiana. Watalii kweli waliacha kuja kwa njia ile, na Tanzania ndiyo iliyoumia zaidi mwanzoni, kwa sababu wageni wengi walibaki Kenya badala ya kutua Kilimanjaro kama ilivyotarajiwa. Lakini watu wa mpakani hawakuacha kuvuka. Mwishoni mwa miaka ya 70 Tanzania ilikuwa na uhaba mkubwa wa bidhaa za kawaida kabisa: sabuni, mafuta ya kula, nguo. Vitu hivyo vilikuwa madukani Kenya. Basi vikapita kwa magendo, kichwani, kwa baiskeli, kwa mtumbwi. Tanzania ikatunga sheria ya uhujumu uchumi mwaka 1983 na watu wakakamatwa kwa bidhaa ambazo miaka saba nyuma zilikuwa biashara halali. Njia za panya tunazozilaani leo zilikuwepo kabla, ndio, lakini zilipata nguvu pale ambapo mlango wa mbele ulifungwa.

Ndio maana simkubalii yule wa tatu, wa "ni mkoloni." Mkoloni alichora mstari bila kuuliza mtu. Lakini geti la Sand River lilikuwa wazi miaka zaidi ya kumi baada ya uhuru. Waliolifunga ni serikali huru, kwa ugomvi wa pesa, na tangu hapo hakuna aliyekubali kulifungua.

Mpaka ulipofunguliwa 1983, na mali za Jumuiya ya zamani zikagawanywa kwa mkataba wa Mei 1984, Isebania, Namanga na vingine vikarudi. Sand River haikurudi. Mwaka 1985 nchi mbili zikaandikiana makubaliano ya utalii yanayosema gari la watalii la upande huu linaishia wapi upande ule, na mgeni ahamishwe kwenye gari la wenyeji. Makubaliano hayo ya miaka ya 80 ndiyo yaliyofufuka Desemba 2014, Kenya ilipozuia magari ya watalii ya Tanzania kuchukua wageni uwanja wa ndege wa Nairobi. Tanzania ikajibu Machi 2015 kwa kupunguza safari za ndege za Kenya kutoka 42 kwa wiki hadi 14. Baadaye wakaelewana. Ugomvi ni ule ule wa 1977, watu tu ndio wamebadilika.

Mengine mtayakumbuka wenyewe. Mei 2020, wakati wa korona, Kenya ilifunga mpaka wa Tanzania kwa watu, ikaacha mizigo, na madereva wa malori wakakwama pande zote kwa sababu kila nchi haikuamini vipimo vya mwenzake. Machi 2021 mahindi ya Tanzania na Uganda yakazuiwa kwa sababu ya sumukuvu, halafu siku chache baadaye yakaruhusiwa kwa masharti. Hakuna mkulima wa Kuria anayeweza kupanga msimu kwa mtindo huo.

Sasa turudi kwa gari letu la watu watano. Uharaka wa boda haupimwi kwa kilomita, unapimwa kwa karatasi. Kwenda Uganda kupitia Busia, kitambulisho cha taifa kinatosha, kwa sababu Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana hivyo kuanzia 2014. Tanzania haikuingia kwenye mpango huo. Isebania utahitaji pasipoti au pasi ya muda, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano usikisahau nyumbani. Gari nalo lina safari yake: kitabu cha umiliki, na kama si lako, barua ya mwenyewe, kibali cha forodha cha kuliingiza kwa muda, na bima ya kadi ya manjano ya COMESA. Ndio, Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye bima ilibaki. Siasa ya kanda yetu ndiyo hiyo, usiitafutie mantiki sana.

Kuna zuri pia, nisiwe wa kulaumu tu. Kituo cha Isebania na Sirari sasa kinafanya kazi kwa mfumo wa pamoja: ukielekea Tanzania unapita upande wa Kenya bila kusimama, unashuka mara moja tu Sirari, unamkuta ofisa wa Kenya wa kukutoa na wa Tanzania wa kukuingiza wako jengo moja. Zamani ulipanga foleni mara mbili. Hilo ni jambo la Jumuiya mpya, na wanaosema Jumuiya haijafanya lolote hawajapita pale.

Lakini wanaofaidi ni wenye gari na pasipoti. Mama anayetoka kijiji cha Kuria kwenda kumzika dada yake kilomita tatu kusini hana sababu ya kuzunguka hadi Isebania kwa nauli asiyokuwa nayo. Anakata shambani. Kisheria amevunja sheria, na askari yeyote akiamua siku hiyo, ana kesi. Ndiye ninayemfikiria nikisikia mtu jukwaani akipiga kelele "funga mpaka," na hata nikisikia yule mwingine anayesema "uko wazi tayari."

Na msijaribu kumwiga kwa gari, kwa sababu gari lililovuka bila kibali ni gari lililokamatwa.

Kwa hiyo nilivyowajibu wenzangu: tutoke Homa Bay kabla ya jua, tuwe Sirari ofisi zikiwa bado hazijajaa. Ukishafika Tarime una njia mbili. Moja inapita Nyamongo, penye mgodi wa dhahabu, hadi Mugumu na geti la Ikoma. Nyingine inafuata lami kuu kwa daraja la Kirumi juu ya mto Mara, Bunda, hadi geti la Ndabaka ambalo liko kando ya barabara kabisa. Ya kwanza ni fupi. Mimi nimepiga kura ya Ndabaka, kwa sababu ya lami. Ada ya gari la namba za Kenya itakuwa juu kuliko ya gari la Tanzania, tuchange mapema. Ukiingia hifadhini, endesha kaskazini siku nzima na unaweza kufika karibu na Bologonja, uone Mara ng'ambo pale. Kisha mtageuza, mrudi Sirari.