ZILIPENDWA: SANTURI ZA BENDI KONGWE NA USHAHIDI WA WAPENZI WAO KATIKA KIGOMA NA UJIJI

Historia ya Ujiji itajwapo, msomaji hukumbuka misafara ya pembe, bandari ya kale na mwembe ambao Livingstone na Stanley walikutana chini yake mwaka 1871. Mambo hayo yana jiwe la ukumbusho, na vitabu vingi vimeandikwa juu yake. Lakini iko historia nyingine ya pwani hii ya ziwa isiyo na jiwe wala kitabu, nayo ni historia ya muziki wa dansi na ya watu walioupenda. Siku hizi historia hiyo yarudi kwa njia ya ajabu kidogo: makampuni, mengi yao ya Ulaya, yanatoa upya santuri za bendi zilizovuma miaka arobaini au hamsini iliyopita, na baadhi ya wazee wa bendi hizo waliosalia wamerekodi tena nyimbo zao za ujana. Wapenzi wao husikiliza, husifu, hulaumu na hubishana.

Nia ya makala haya ni kueleza jambo moja tu. Santuri ya kale ikitolewa upya si hati kamili mpaka imekutana na masikio yaliyoisikia mara ya kwanza. Mabishano ya wapenzi, yanayodhaniwa kuwa mazungumzo ya kupitisha wakati, ni nusu ya pili ya hati hiyo. Na wenye nusu hiyo wanakufa.

I. Neno lenyewe

Yafaa kwanza tulitazame neno zilipendwa, ambalo kwalo nyimbo hizo hujulikana. Kwa sarufi neno hili si jina, bali ni sentensi nzima: kiambishi zi- cha nyimbo, -li- ya wakati uliopita, mzizi -pend-, na -w- ya kutendwa. Tungetazamia zilizopendwa, yenye -zo- ya kirejeshi. Lakini wasemaji wameiacha -zo-, na sentensi imegeuka kuwa jina, kama vile kanga iitwavyo kwa maneno yaliyopigwa chapa juu yake.

Kupotea kwa kirejeshi hicho kumeongeza maana. Asemaye "nyimbo zilizopendwa" hutenga nyimbo fulani na nyingine, kisha hatuna budi kungoja aseme zimefanya nini. Asemaye "zilipendwa" ametoa habari yake yote na kunyamaza. Zilipendwa, kama zingali zikipendwa, hakusema. Ndiyo sababu neno limepata ukali katika mazungumzo ya mitaani, hata mchumba aliyeachwa aweza kuitwa zilipendwa. Mwaka 2017 vijana wa kundi la Wasafi, ambalo kiongozi wake, Diamond Platnumz, ana asili ya Kigoma, walitoa wimbo wenye jina hilo hilo. Hivyo neno lililoundwa kwa ajili ya wazee likaimbwa na wajukuu wao. Mabishano yote tutakayoyataja hapa chini, ukiyachambua, ni mabishano juu ya -li- hiyo: je, mapenzi hayo yamepita, au yangalipo?

II. Njia mbili za nyimbo

Kigoma ni mwisho wa reli na mwanzo wa maji. Reli ya kati ilifika hapo mwaka 1914. Meli ijulikanayo sasa kwa jina la Liemba iliundwa na Wajerumani ikaitwa Graf von Goetzen, ikashushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Kwa reli watu na mizigo walitoka Tabora na Dar es Salaam. Kwa ziwa walikwenda Usumbura, ambayo sasa ni Bujumbura, Albertville, ambayo sasa ni Kalemie, na Mpulungu.

Lakini kabla ya reli na meli palikuwa na miguu na mitumbwi. Kiswahili kilivuka ziwa katika karne ya kumi na tisa pamoja na misafara, kikaingia Kasongo na Nyangwe katika nchi ya Manyema. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ameyasimulia mambo ya nchi hizo katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, ambayo Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyachapisha mwishoni mwa miaka ya 1950. Watu wa Manyema nao walivuka kuja mashariki, na wengi walifanya maskani Ujiji. Basi lugha ilikwenda magharibi kwa miguu; karne moja baadaye ilirudi ikiimbwa.

Huko Kongo kampuni ya Ngoma ilianza kutoa santuri Léopoldville mwaka 1948, na Loningisa mwaka 1950. Bendi ya African Jazz iliundwa mwaka 1953, na OK Jazz mwaka 1956. Upande wa mashariki palikuwa na Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Kilwa Jazz na Western Jazz. Neno jazz katika majina hayo halikuwa na maana ya muziki wa Wamarekani weusi. Maana yake ilikuwa bendi ya magitaa, ngoma na tarumbeta ichezayo rumba na mitindo ya nyumbani. Kigoma, ikiwa katikati ya dunia hizo mbili, ilikuwa na bendi yake, Lake Tanganyika Jazz. Shem Karenga, mzaliwa wa Kigoma, aliyeanzia huko, alikwenda kupata sifa katika Tabora Jazz, bendi ya mtindo wa Segere Matata, na wimbo wake wa Dada Asha ungali ukipigwa redioni tangu alipofariki mwaka 2014.

Wanamuziki wa Kongo nao walikuja na kukaa. Maquis, waliotoka Kamina, walifika Tanzania mwaka 1972. Remmy Ongala, aliyezaliwa mwaka 1947 katika nchi ya Kindu, chini ya mto kutoka Nyangwe, aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga katika Orchestra Makassy, na baadaye akaongoza Super Matimila mpaka sifa zake zikafika Ulaya. Alifariki mwaka 2010. Sikio la Ujiji halikuona ugeni katika Kiswahili cha watu hawa. Palipo msikilizaji wa Unguja aliyesema "huyu akosea", mzee wa Ujiji alisikia matamshi ya jirani yake.

III. Redio, santuri na kaseti

Ili kuelewa mabishano, ni lazima kujua jinsi nyimbo hizo zilivyohifadhiwa. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyochukua mahali pa shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1965, iliwarekodi wanamuziki katika kanda na kuwatangaza nchi nzima. Lakini kanda ilikaa Dar es Salaam, na Tanzania haikuwa na kiwanda cha kupiga chapa santuri. Bendi iliyotaka santuri ilielekea Nairobi. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, usifunguliwe hadi mwaka 1983, njia hiyo nayo ikawa ya taabu.

Matokeo yake ni kwamba msikilizaji wa Kigoma alizijua nyimbo nyingi ambazo hakuweza kuzinunua. Alizingoja redioni, akazishika kwa moyo. Na kaseti zilipoenea akazirekodi kutoka redioni, sauti ya mtangazaji ikiwa ndani. Kwa hiyo pakawa na kumbukumbu tatu za muziki ule ule: kanda ya redio, santuri ya Nairobi, na kichwa cha msikilizaji. Santuri ndiyo iliyopata bahati ya kusafiri.

Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilikuwa na shida yake. Wimbo mmoja wa dansi haukutosha upande mmoja; ulikatwa katikati, na sehemu ya pili ikawekwa upande wa pili. Sehemu ya kwanza huwa na maneno na kisa. Ya pili huwa na magitaa, kiitikio na mwito wa kucheza. Mpenzi alilazimika kuinuka na kuigeuza sahani.

IV. Mabishano matatu

Kati ya santuri zilizorudi, yafaa kutaja chache. Virunga Volcano, ya Samba Mapangala na Orchestra Virunga, ilitolewa na Earthworks mwaka 1990. Kampuni hiyo hiyo ilitoa mkusanyo wa Super Mazembe mwaka 2001. Na mwaka 2013 Sterns ya London ikatoa nyimbo za bendi hiyo zilizochukuliwa katika santuri za mizunguko 45. Agwaya ya Orchestra Makassy, ya mwaka 1982, ilirudi mwaka 2005 kwa jina jingine la Kiingereza. Tena wako waliorekodi upya: Les Mangelepa, waliojitenga na bendi ya Baba Gaston mwaka 1976, walitoa mwaka 2017 sahani yenye nyimbo zao za kale zikipigwa na wakongwe pamoja na vijana.

Bishano la kwanza ni la sauti. Mmoja husema, "Bwana, sasa besi yasikika, zamani tulikuwa tukiikisia tu." Mwenziwe hujibu, "Mimi sikucheza besi hiyo, mzee mwenzangu. Nilicheza ile niliyoikisia." Jibu hilo si mzaha. Mtafiti atakaye kujua wimbo ulivyopigwa studioni atafurahia sahani iliyosafishwa. Lakini atakaye kujua ulivyosikika katika ukumbi wa Kigoma, au katika redio ya betri usiku, hana budi kumwuliza mchezaji. Na pale ambapo sehemu mbili zimeunganishwa kuwa wimbo mmoja, vijana husikia wimbo mrefu. Mzee husikia nafasi ya kugeuza sahani ambayo haipo tena.

Bishano la pili ni la jina. Bendi ya mfanyakazi wa umma ilibadili jina kila mwajiri wake alipobadilika: Nuta Jazz ya mwaka 1964 ikawa Juwata, ikawa OTTU, na mwishowe Msondo Ngoma, kwa jina la mtindo wake. Mwaka 1978 Muhidin Maalim Gurumo na wenzake walitoka humo wakaanza Mlimani Park, na tangu hapo wapenzi wamegawanyika, hawa wa Msondo, hawa wa Sikinde. Je, bendi ni watu, ni jina, au ni mtindo? Wala tusidhani kwamba swali hili ni letu peke yetu. Wapenzi wa Black Sabbath, bendi ya magitaa mazito iliyoundwa Birmingham mwaka 1968, walibishana vivyo hivyo mwaka 2013 bendi hiyo ilipotoa sahani mpya pasipo mpiga ngoma wake wa kwanza, Bill Ward. Alirudi katika onyesho la mwisho mwezi Julai mwaka 2025, siku chache kabla mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, hajafariki. Hata hivyo pana tofauti moja kubwa. Wa Birmingham wanabishana wakiwa na majina ya wapigaji yaliyochapishwa tangu siku ya kwanza. Kwetu karatasi ya santuri mara nyingi ilitaja bendi na mtungaji tu. Aliyepiga gita la pili yumo katika kumbukumbu ya waliokuwapo.

Bishano la tatu, ambalo kwa wasomaji wa jarida hili ndilo kubwa, ni la maneno. Mnunuzi wa ng'ambo hununua gita; aweza kufurahi asielewe hata neno moja. Lakini kwa mpenzi wa Ujiji wimbo ni kisa na mausia. Hubishana kama mwimbaji alisema hili au lile, kama jina la mwanamke ni la mtu au ni fumbo, na kama neno ni Kiswahili cha Manyema au Kilingala kilichochongwa. Majina ya mitindo, kama Ogelea Piga Mbizi ya Maquis, hayana kamusi. Maana yake ilikuwa katika miguu ya wachezaji.

Tazama wimbo Kasongo wa Super Mazembe. Umeimbwa kwa Kilingala. Ni mke amwitaye mumewe arudi. Mwishoni mwa mwaka 2024 vijana wa Kenya walilitumia jina hilo kumtania Rais wao, na wimbo wa miaka ya 1970 ukasikika tena kila mahali. Kwao Kasongo likawa jina la siasa. Mzee wa Ujiji akilisikia hukumbuka pia mji wa Manyema ambako mababu zake walitoka. Wimbo ni mmoja, santuri ni moja, maana ni tatu. Na karatasi ya sahani haitaji hata moja.

V. Jinsi ya kuupokea ushahidi huu

Haifuati kwamba kila asemalo mzee ni kweli. Kumbukumbu hupenda ujana wake. Mtu aweza kuapa kwamba alisikia wimbo mwaka ambao bendi yenyewe ilikuwa haijaundwa, na mpenzi wa bendi moja si shahidi mwema wa bendi ya pili. Lakini karatasi ya santuri nayo yaweza kukosea jina la mtungaji. Basi ushahidi huu upokewe kama hadithi za mapokeo zipokewavyo: mashahidi wa pande mbili waulizwe mbali mbali, kisha waketishwe pamoja mbele ya sahani, na bishano lao liandikwe lote, hata pale wasipopatana. Mahali wanapopatana wapinzani, mwanahistoria anaweza kukanyaga. Mahali wasipopatana, mara nyingi ndipo neno lenye maana mbili lilipo.

Kazi hii haitaki gharama kubwa. Yahitaji sahani zilizotolewa upya, chombo cha kurekodia, na mtafiti akijuaye Kiswahili cha pande zote mbili za ziwa, ambaye ataketi barazani Ujiji bila haraka. Yahitaji pia ifanywe mapema. Gurumo na Karenga wote wawili walifariki mwaka 2014. Na wapenzi waliowachezea ni wa umri wao. Sahani zitaendelea kutolewa London, maana sahani haizeeki sana. Wa kuzieleza ndio wanaopungua.